Pomboo wa Nundu wa Sarang'ombe

Rangi ya pomboo wangu ilikuwa bado haijakauka ukutani mwalimu mkuu wa nasari moja pale Sarang'ombe, Kibera, aliponiambia nimfute.

"Fundi, hiyo nundu umetoa wapi? Huyu ni pomboo ama ni ng'ombe?"

Walimu wenzake wakacheka. Mimi shule niliachia darasa la nne, lakini kwa brashi hakuna wa kunishinda kutoka Kibera hadi Kawangware, na kazi yangu sifuti ovyo.

"Madam, mimi nimefanya mjengo Shimoni, kule Pwani, mwaka mzima. Hawa pomboo wanaokaa karibu na ufuo, kwenye maji yasiyo na kina kando ya mikoko, nundu wanayo, na pezi dogo limekaa juu yake. Wakija juu kupumua, mdomo mrefu ndio hutangulia."

Akatoa simu, akatafuta, akapata picha yenye nundu ileile. Kisha akaita watoto wote nje.

"Fundi, hebu waambie vile umeniambia."

Nikafundisha, brashi mkononi, mimi wa darasa la nne, na madam mwenyewe akiandika kwenye daftari. Ukipita pale leo, nundu utaiona.