Kuku Aliyepakwa Dawa ya Viatu

Asubuhi ya leo mwanangu alikuwa barazani anang'arisha viatu vya shule, na harufu ya dawa ya viatu ikanifuata mpaka jikoni. Ndugu yangu, chai ilipoa mkononi. Harufu ile ikinipata huwa sipo tena nyumbani kwangu. Nipo Tegeta, nina miaka kumi, na nimeharibu kitu kisichonunulika.

Shule yetu ilipakana na kituo cha sanaa cha mtaa, na ukuta uliotutenganisha ulikuwa na kimlango ambacho hakikufungwa kamwe. Kengele ya mwisho ikilia tulipita hapo, mihogo ya kukaanga na chachandu mikononi, moja kwa moja hadi banda la uchongaji. Hata kabla hujaingia ulisikia tezo zikigonga, ta, ta, ta. Fundi wetu alikuwa Mmakonde kutoka Newala, mkali kwenye kazi na mpole kwa mengine yote. Sisi wadogo tulifagia banda, na yale mabanzi niliyajaza kwenye mfuko nikampelekea bibi awashie jiko. Bibi ndiye aliyenilea. Mama yangu, binti yake, alifariki kabla sijajua hata kumwita.

Kila mwaka kituo kiliwaalika wazazi. Meza ya mbele ilipangwa kazi za mpingo, za wakubwa. Za kwetu, za mti wa mwembe, zilikaa meza ya nyuma kule kwenye kiza. Mwaka huo nilikuwa nimechonga kuku anayeatamia. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, na goti lake lilikuwa halitaki safari. Nilijua atakaa kiti cha mbele na nyuma hatafika. Nami nilitaka sana amwone kuku wangu. Hapo shetani akanionyesha kopo la dawa ya viatu, ile nyeusi. Nilimpaka mara tatu, nikamsugua kwa kitambaa mpaka akang'aa, kisha nikampenyeza katikati ya kazi za mpingo.

Bibi alikuja amejifunga kanga ambayo haikutoka sandukuni ila kwa siku kubwa. Ilikuwa zawadi ya mwisho ya mama yangu kwake, na jina lake lilikuwa HAKUNA KAMA MAMA. Bibi hakujua kusoma, lakini maneno yale alikuwa nayo moyoni. Alipoketi tu, uvumilivu ukanishinda. Nikamchukua kuku nikamweka mapajani pake.

"Bata mzuri huyu," akasema, akimpapasa.

"Kuku, bibi."

"Haya, kuku. Ila kwetu Mbweni, mwenye shingo hii tunamwita bata."

Hotuba zilikuwa ndefu, na bati la paa lilikuwa la moto hata dawa ikaanza kuyeyuka. Fundi ndiye aliyeona kwanza. Vidole vya bibi vilikuwa vyeusi, na kwenye kanga kulikuwa na doa pana kama kiganja.

"We mtoto, umempaka nini huyu?"

"Dawa ya viatu, fundi."

Watu wakaangua kicheko. Fundi hakucheka. "Mpingo haupakwi," akasema, neno lake la kila siku. "Weusi wake uko ndani." Akamchukua kuku, akampeleka meza ya nyuma. Nililia, wala si kwa ajili ya kuku. Mama aliacha vitu vichache hapa duniani, na kimoja nilikuwa nimekimaliza kwa mikono yangu.

Bibi aliinyoosha kanga mapajani. "Limeshika wapi? Hebu nisomee."

Nikasoma, kamasi zikinitiririka. "Limefunika 'hakuna', bibi. Imebaki 'kama mama'."

Akanivuta karibu.

"Basi nyamaza. Sasa ndo imesema kweli."

Majirani walileta ndimu, wengine majivu, na mmoja akaja na mafuta ya taa. Bibi aliwashukuru wote, akawaambia kanga yake haina uchafu. Tangu siku hiyo aliivaa hata kwenda sokoni.

Mwaka jana nilipita pale. Kimlango kimezibwa kwa matofali, na lilipokuwa banda sasa panaegeshwa mabasi ya shule. Fundi alirudi kwao zamani, na sikuwahi kumuaga. Bibi alipofariki kanga zake ziligawiwa, kama ilivyo desturi. Mama wadogo walichagua nzuri nzuri. Ile yenye doa hakuna aliyeigusa, wakanisukumia mimi. Nilikuwa naomba Mungu iwe hivyo.

Leo, baada ya mtoto kwenda shule, nimeitoa sandukuni. Kufuliwa kwa miaka yote ile kumelifanya doa lififie, na "hakuna" imeanza kuonekana tena. Nimeisoma yote, kwa sauti, peke yangu chumbani: hakuna kama mama. Na Mungu anisamehe, aliyenijia hakuwa mama yangu.