Shokapu za Mjamzito

Ratsimba hakuwa mtu wa kubadilisha vitu. Kofia yake ya ukili aliivaa mpaka ukingo ukaning'inia, akaushona, akaivaa tena. Teksi yake, Renault 4 ya rangi ya maziwa kama nyingi za Antananarivo, aliinunua kwa mwalimu mmoja mstaafu enzi hizo Ratsimba bado ana nywele kichwani, na tangu hapo hakuwahi kutamani nyingine. Petroli aliiweka kwenye chupa ya maji karibu na miguu yake, na kila mteremko aliuteremka injini imezimwa, anapiga mluzi. Mkewe Vololona alisema waziwazi, mbele za wageni, kwamba angezaliwa na magurudumu angependwa zaidi.

Gari lile lilikuwa na ubovu mmoja mkubwa, nao ndio uliompa mwenyewe jina. Shokapu zilikuwa zimekufa zamani. Ukipanda naye zile barabara za mawe za mjini juu unaruka, unatua, unaruka tena hata gari likiwa limeshasimama. Basi wanawake waliopitisha siku zao za kujifungua wakagundua kwamba kuzungushwa mtaa mmoja na Ratsimba kunaamsha uchungu. Kama ni kweli au si kweli waulizwe wenyewe, lakini wateja walikuja, tena wakaleta na mashoga zao. Wakamwita Mkunga. Naye jina likamkaa, akatembea nalo kifua mbele.

Halafu Noromalala, binti yake wa pekee, akapata mimba. Ilipofika mwezi wa saba akampigia baba yake simu ampeleke hospitali, eti tumbo halimpi raha. Ratsimba akaja mbio, akamkalisha kiti cha nyuma, akampandisha kwenye mawe huku anamtania njia nzima kwamba leo Mkunga atampokea mjukuu wake mwenyewe. Noro akacheka. Jioni ile wakarudi nyumbani bila mtoto.

Hakuna aliyemlaumu, na afadhali wangemlaumu. Tangu siku hiyo mtu akimwita Mkunga anageuza uso. Mwanamke akija na tumbo lake anaambiwa gari bovu, tafuta jingine. Na Noro hakulipanda tena gari lile. Aliposhika mimba ya pili, kliniki alikwenda kwa teksi za watu, siku nyingine kwa miguu, anazikwea zile ngazi ndefu za mtaani huku baba yake anamwona kutoka kijiweni. Ratsimba roho ilimuuma mpaka wali ukawa haumpiti kooni. Hakumwuliza sababu. Sababu alidhani anaijua, nayo alikuwa ameikalia, ameshika usukani wake.

Mimba ilipokaribia tena mwezi wa saba, akaenda kwa fundi Rasamy.

"Nataka shokapu," akasema.

Rasamy alikuwa uvunguni mwa gari jingine. Akajivuta akatoka, akamtazama kuanzia kofia mpaka viatu. "Wewe Ratsimba? Ununue shokapu? Nani kafa?"

Alilijutia neno lile kabla halijamaliza kutoka. Akajifuta mikono kwa kitambaa, akauliza kwa upole, "Unataka za aina gani?"

"Za mjamzito."

Rasamy hakucheka. Akaingia ndani akatoka na za kwanza, mpya, nene, zinang'aa. Ratsimba akazipenda palepale kwa unene wake.

"Hizi ni za gari la mizigo," Rasamy akamwambia. "Kuruka haliruki. Ila kila jiwe atalisikia kwenye uti wa mgongo."

"Lakini si zitaniinulia gari? Likiwa juu mawe hayamfikii."

"Mzee, shokapu hainyanyui gari. Mpaka lini nitawaambia ninyi watu? Anayebeba gari ni springi. Springi ikishaanza kucheza haijui kuacha. Shokapu kazi yake ni kuiambia basi, imetosha."

"Zifunge tu nizijaribu."

Mtu akishaamua hana masikio. Rasamy akazifunga. Ratsimba akaagiza sufuria ya maji yaliyochemshiwa ukoko wa wali kwa mama muuza vitumbua wa pale nje, akaingia kiti cha nyuma, mahali ambapo hajawahi kukaa tangu alinunue gari, akaipakata sufuria juu ya tumbo kwa mikono miwili. "Endesha wewe," akamwambia fundi. "Mimi leo ndiye Noro."

Walizunguka mpaka kanisani na kurudi. Aliposhuka, suruali ilikuwa imelowa mpaka magotini.

"Baba wa watu," muuza vitumbua akamwambia, "hilo si tumbo, chupa imeshapasuka. Kimbia leba."

"Nipe maji mengine, maneno yako weka."

"Nakupa. Ila ujue wangu huyu wa mwisho bila gari lako angekuwa tumboni mpaka leo, anaota ndevu. Ukilitengeneza, sisi wengine tukimbilie wapi?"

"Kimbieni kwa miguu," Ratsimba akasema, naye alikuwa hatanii.

Za pili zilikuwa zimetolewa kwenye gari lililopata ajali, zimepakwa rangi nyeusi vizuri. Rasamy akamwambia aisimamishe moja chini, aikandamize kwa kiganja. Ikazama bila kazi, ikavutika juu bila kazi, kama pampu iliyotoboka.

"Hizi ndizo ulizonazo," Rasamy akasema, "tofauti yake zimevaa suti."

Akasimama kidogo anajikuna kidevu. Kisha akaenda kwenye kabati lake la chuma, akatoa shokapu nyembamba, ndefu, zimefungwa gazeti. Alikuwa amezihifadhi kwa ajili ya gari lake mwenyewe, na Ratsimba alilijua hilo. Akaikandamiza moja. Ikashuka bila ubishi. Alipoiachia haikuchomoka, ikapanda polepole, kimya, mpaka juu.

"Jiwe inalikubali," Rasamy akasema, "ila hairudishi kwa hasira."

"Rasamy, hizi si..."

"Nimesema kitu mimi? Toka hapo nifanye kazi."

Zikafungwa zote nne. Wakazunguka tena mpaka kanisani na sufuria imejaa. Safari hii yalimwagika matone machache tu, kwenye kidole gumba. Ratsimba alibaki amekaa kule nyuma muda mrefu baada ya gari kusimama, na Rasamy, ambaye si mtu wa kubembelezana, akajitafutia kazi upande wa pili wa gereji.

Siku ya kliniki Ratsimba akaenda kwa binti yake asubuhi. Noro akatoka na kikoti chake na tumbo lake, akamkuta baba yake amesimama kando ya gari, kofia mkononi, mlango wa nyuma uko wazi.

"Nimebadilisha shokapu," akasema. "Mbele na nyuma."

"Nimesikia, Baba. Mtaa mzima umesikia. Wanasema umejimwagia maji."

"Halirushi tena. Panda ujaribu, mwanangu. Mara ile ya kwanza gari langu lilimuua mtoto wako, najua, lakini sasa..."

"Gari lako?" Noro akamkata. "Nani kakwambia?"

Ratsimba akaigeuzageuza kofia mkononi.

"Baba, siku ile nilikupigia kwa sababu alikuwa ameacha kucheza. Tangu siku mbili nyuma. Daktari alisema alishaondoka kabla hujafika mlangoni kwangu. Mimi nilikuwa najua. Nilikaa kile kiti pale, unanitania, nacheka, na najua. Siogopi gari lako kuruka. Kile kiti ndicho siwezi kukikalia. Nilidhani Mama alikwambia."

Mzee akalia, machozi ya wazi, barabarani, majirani wanamwona. Noro akamshika mkono mpaka akanyamaza. Kisha akaufunga ule mlango wa nyuma, akazunguka, akaingia mbele, ubavuni kwa dereva.

Ratsimba akaendesha kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Waliopanda kwa miguu waliwapita. Gari lilipita juu ya mawe linazama na kuinuka taratibu, maji yasingemwagika hata tone. Akamtazama binti yake aone kama amefurahi. Noro alikuwa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili, uso umemkauka.

"Vipi? Linakuumiza?"

"Hapana. Zuri mno. Amelala." Akalibonyeza tumbo. "Kwenye zile teksi nyingine kila tukiruka ananipiga teke. Hivyo ndivyo ninavyojua yupo. Baba, tafadhali, huwezi kulirusha kidogo?"

Ratsimba akaitazama barabara yote mbele yake, akachagua shimo baya kuliko yote, akaongeza mwendo.