Daftari la Ngurumo

Mwalimu Phyllis Tapkigen alistaafu mwaka 1995, baada ya miaka ishirini na saba ya kufundisha mazoezi ya viungo na michezo katika shule moja ya wasichana upande wa Kimulot. Hakwenda mbali. Kati ya nyumba yake na uwanja wa shule kulikuwa na mistari sita tu ya michai. Kila alasiri alikaa kwenye veranda na daftari, akaandika saa ya ngurumo ya kwanza kutoka msitu wa Mau. Tarehe, saa, dakika, basi.

Madaftari hayo yalianza mwaka 1971. Mwaka huo msichana aitwaye Jerusa alipigwa na radi akiung'oa mkuki aliokuwa ameurusha. Ripoti ya shule ilisema mtoto alitoka darasani bila ruhusa. Tangu hapo Phyllis alihamishia mazoezi saa kumi na mbili asubuhi. Wasichana walinung'unika juu ya baridi na umande, na wakuu wanne wa shule walimkemea kwa zamu, lakini hakubadilisha. Na filimbi yake ilipolia mara tatu, kila mmoja alitupa alichoshika akakimbilia darasani.

Kocha aliyemrithi, Phelix Ooko, kijana mpole kutoka upande wa ziwa, alirudisha mazoezi saa kumi jioni kama shule nyingine. Wasichana walimpenda kwa hilo.

Jumatatu moja ya Mei 1997, wingu jeusi lilipofunika uwanja, Phyllis alipiga filimbi mara tatu kutoka kwenye veranda. Wa kidato cha nne walimkumbuka, wakakimbia. Wengine wakawafuata. Radi haikupiga. Hata tone halikuanguka.

Phelix alimfuata nyumbani.

"Madam, hii mbingu ilistaafu na wewe? Mimi hainiambii kitu."

"Jumamosi ilinguruma saa kumi na moja kasoro robo. Jana, saa kumi na nusu. Inakuja mapema zaidi kila siku."

"Basi iambie tuna mashindano ya wilaya wiki ijayo."

Alisema akicheka, kisha akanyoosha mkono kwa heshima. Mkuu wa shule alikuwa ameitaka ile filimbi, na Phyllis akaitoa. Wasichana waliokimbia walifyeka nyasi siku mbili kama adhabu.

Alhamisi, wachuma chai waliondoka shambani mapema, vikapu vikiwa nusu. Upepo ulikuwa umekatika. Uwanjani, Dorine wa kidato cha pili alirusha mkuki mbali kuliko siku zote, ukasimama wima karibu na ua. Ngurumo ikaja, ndefu na ya chini. Phelix alitazama juu.

"Tufunge kazi. Dorine, kalete mkuki."

Phyllis alisikia maneno hayo akiwa kwenye veranda. Alipita katikati ya michai, sketi ikinaswa na matawi.

"Dorine, simama hapo."

Msichana alisimama, akamtazama kocha. Mikono yake bado ilikuwa na malengelenge ya kufyeka.

"Madam, tafadhali, niko kazini," Phelix alisema.

"Jerusa hakutoka bila ruhusa." Phyllis alikuwa akihema. "Mimi ndiye niliyemtuma. Nilimwambia, kalete mkuki. Hivyo hivyo ulivyosema."

Habari za Jerusa Phelix alizisikia siku ya kwanza alipofika, kama zilivyoandikwa kwenye ripoti.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe."

Dorine alikuwa ameanza kutembea tena kuelekea kwenye ua, polepole, kama mtu asiyetaka kuitwa mara mbili.

"Dorine, rudi," Phelix alisema. Kisha kwa nguvu zaidi, "Rudi. Kimbia."

"Na mkuki, sir?"

"Uache."

Mvua ya mawe iliwakuta mlangoni mwa darasa. Mabati yalipiga kelele hadi hakuna aliyeweza kusikia mwenzake. Phelix alihesabu wasichana, akahesabu tena. Phyllis alitafuta kalamu mfukoni, hakuwa nayo. Hakuna aliyeingia ndani kukaa. Wote walisimama wakitazama upande mmoja, kule karibu na ua, ambako mkuki ulikuwa umesimama peke yake.