Kamba ya Mkandaji

Mnanisumbulia nini? Mkono wangu huu umezoea mwiko, si kalamu. Lakini nikikataa mtamwendea mpenda kupamba, na habari hii haina pambo. Haya, shikeni.

Mkandaji alikuwa na viganja vinene na maneno machache. Chumbani mwake palikuwa na mkeka, beseni la maji moto, taulo, na mafuta kwenye chupa ya soda. Kwanza taulo la moto mgongoni, nyama ilegee. Kisha viganja, toka kiunoni hadi mabegani, taratibu. Kisha vidole gumba pembeni mwa uti, juu ya mfupa kamwe. Wapakiaji wenye misuli iliyokaza kama gogo aliwapanda kwa nyayo, ameshika kamba iliyofungwa kwenye boriti, uzito wake wote ukibebwa na kamba. Mtu aliingia amepinda, akatoka amenyooka.

Ila kabla ya yote aliuliza: "Umeanguka? Miguu ina ganzi? Haja ndogo inakutoka bila kujua?" Ukiitikia moja tu, anakunja mkeka. "Hapo si kwangu. Hospitali."

Mumewe alipakia saruji ghalani. Wenzake walimwita Kreni, na jina likampanda kichwani. Siku moja akateleza kwenye lori, mfuko begani, akaangukia kiuno. Akainuka, akaendelea kupakia. Jioni akajilaza mkekani kifudifudi.

"Nikande, mama watoto. Uchovu tu."

"Umeanguka?"

"Tangu lini kreni ikaanguka?"

Mkandaji akatoa taulo kwenye beseni. Lilimchoma hata yeye aliyezoea, likamponyoka, likatua kwenye wayo wa mumewe. Mume hakushtuka. Aliendelea kusimulia utani wa ghalani, na mvuke unafuka mguuni pake.

Mkandaji akaliondoa taulo.

"Inuka, twende hospitali."

"Migongo ya watu unaikanda, wa mumeo unaunyima! Nikilazwa, nafasi yangu atapewa mwingine."

"Na ukikosa miguu, nafasi hiyo utaisimamia na nini?"

Sikio la kufa halisikii dawa. Asubuhi alikwenda kazini akiburuta mguu. Mkandaji alimfuata hadi getini akimsihi.

"Rudi nyumbani! Unaniaibisha mbele ya wanaume."

Wakati wa mapumziko, Kreni akalala juu ya mifuko mitupu. "Nipandeni, kama anavyowapanda mke wangu."

Na wenzake walikuwa wamepandwa kweli. Lakini aliyelala kifudifudi huona mkeka tu. Kamba hakuna aliyeiona. Akapanda mnene kuliko wote, na viatu vyake, huku wengine wakimshangilia. Mgongo ukalia ko, kama ukuni mkavu.

Walimrudisha kutoka hospitali amebebwa.

Siku hizi Mkandaji hapokei wa nje. Kamba ingali juu. Mumewe huishika kujivuta akae. Kila asubuhi mkewe humgeuza ubavu, asiliwe na vidonda, kisha humkanda miguu, toka vidoleni hadi mapajani, mpaka jasho linamdondoka.

"Mama watoto, utaanza saa ngapi?"

"Nimeshamaliza, baba."

Basi, mkono unaniuma. Nawe msomaji nilipe: nenda kwa huyo wako anayesema "uchovu tu", umfinye wayo ghafla. Asiposhtuka, usimguse mgongo, mpeleke hospitali. Akikutukana, mwambie nimekutuma mimi.