Sungura wa Boma la Zamani

Juzi nilikuwa kwa naibu chifu, nje kidogo ya Kisumu, nikingoja barua. Mbele yangu mzee mmoja aliomba aletewe askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu sungura wanamaliza kunde zake.

"Mzee, bunduki kwa sungura?" naibu chifu akauliza, akiweka kalamu chini.

"Cheka tu. Kunde ndiyo mboga ya wajukuu wangu, na sasa vimebaki vijiti."

Mama aliyeketi kwenye benchi akamgeukia. "Baba, si ulilima gunda lote la babako, lile boma mlilohama, hadi kwenye makaburi? Sungura walikuwa wanakaa hapo kichakani. Ulidhani watahamia mjini, mtaa wa Obunga?"

Tulicheka. Mzee hakucheka. Alichora shamba lake mezani kwa kidole, akatenga pembe moja.

"Hapa penye makaburi nitaacha majani yaote," alisema. "Lakini wakivuka, nitarudi."

Mimi niko upande wa yule mama. Tunakumbuka mpaka wa kila ndugu aliyezikwa zamani, lakini boma likihamwa tunasema halina mtu, tunaleta jembe. Turudishe kichaka kwanza, ndipo tuzungumze habari za bunduki.