Injini Isiyoruhusiwa Kuwashwa

Miaka ile ya sabini nilikuwa na gari pale Kambi Muru, Kibera, na usinicheke. Lilikuwa na milango miwili, usukani, na honi ya kuamsha Kibera nzima pamoja na marehemu wake. Kilichokosekana ni injini na giaboksi tu. Ilikuwa pikapu kuukuu ya Kiingereza. Niliinunua ikiwa mwili mtupu, na kwa miaka miwili ilisimama mbele ya chumba changu, majirani wakianika nepi juu yake.

Siku moja mwenye nyumba akaja, akaizunguka mara mbili.

"Bwana msomi, hapa nataka kujenga vyumba. Mwisho wa mwezi hili bati lako liwe limetoka. Nikilikuta, naliuza kwa kilo."

Zilikuwa zimebaki siku kumi.

Nilikuwa nimemaliza shule ya usiku majuzi tu, na jambo kubwa nililotoka nalo huko ni kutoamini neno lisilo na ushahidi. Mtu akiniambia habari za asubuhi, nilitazama jua kwanza. Hata hivyo kulikuwa na mtu mmoja niliyemwamini: fundi, jirani yangu, mtu wa kwetu magharibi, aliyekuwa akitengeneza magari kando ya reli. Alipima nafasi ya injini kwa kamba, akaipiga fundo moja; akapima mpaka pale shafti inapoanzia, akapiga fundo la pili. Akaitia kamba mfukoni, tukashika njia ya Kawangware kwa miguu.

Tulianzia kwa broka mmoja wa barabarani. Injini yake ilikuwa ya silinda sita, imepakwa rangi ya fedha, inang'aa kama jino la tajiri. Tulipofika ilikuwa tayari inanguruma juu ya matairi mawili, petroli ikishuka kutoka kwenye mkebe uliotundikwa msumarini. Moyo wangu ukaolewa papo hapo.

"Buda, hii ukiikanyaga hapa, breki unashika Nakuru," broka akasema.

Fundi alinyoosha kamba. Injini ikapita fundo la kwanza kwa shubiri nzima.

"Tutakata mbele kidogo," nikasema.

"Tukate mbele, rejeta tuibebe mapajani?" Kisha akamgeukia broka. "Kwa nini umeiwasha kabla hatujafika? Mgonjwa ndiye huinuliwa kitandani kabla wageni hawajaingia."

Akaiomba izimwe. Akafungua nati ya giaboksi, akachovya kidole, akanusa, akaniletea puani. Oili ile ilinukia karakana ya seremala. Walikuwa wameijaza vumbi la mbao ili meno mabovu yasipige kelele. Broka akasema huenda lilipeperushwa na upepo. Upepo ulioingia kwenye nati iliyokazwa! Tukaondoka.

Kutoka hapo fundi akanipeleka Riruta, kwa shosho mmoja, bibi kizee wa Kikuyu mwenye ploti. Marehemu mumewe alikuwa na gari lililooza mwili, likabaki injini na giaboksi yake, zimekaa kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, zimefunikwa gunia kwa juu. Ilikuwa injini ndogo, silinda nne, nyeusi kama sufuria ya maharagwe. Injini ikaishia kwenye fundo la kwanza na giaboksi kwenye la pili, kama kamba imepimiwa hapo.

Shosho akasema kwa Kiswahili chake kifupi, "Injini ni nzuri. Gia ya pili hulia."

Nikashtuka. Tangu lini muuzaji akasema ubaya wa mali yake? Anayekuonyesha kosa moja bila kuulizwa ameficha mengine arobaini.

"Basi tuiwashe tuisikie," nikasema.

"Hapana. Wiki mbili kwanza."

"Na gunia, tulitoe?"

"Gunia likae."

Fundi akainama mbele, akashika nati ya chini kwa spana, akaizungusha injini polepole, kama mtu anayefungua mlango wa chumba alimolala mtoto. Akatikisa kichwa kuonyesha ameridhika. Kisha yeye na shosho wakaanza kuongea Kikuyu. Fundi alikuwa amefanya kazi Kawangware miaka mingi, na lugha ile aliimwaga kama amenyonyeshwa nayo. Mimi nilisimama katikati kama mlingoti wa simu. Wakanitazama, wakacheka. Halafu fundi akaingia jikoni akala nduma tatu na chai. Fundi akila kwa muuzaji, kesho atakusifia hata kutu!

Njiani nikambana. "Kwa nini hataki iwashwe?"

"Kuna kuku ameatamia juu yake. Mayai hayajaanguliwa."

"Kuku?"

"Kuku, Profesa."

Nikacheka kicheko cha mtu aliyeibiwa akiona. Injini izuiwe na kuku! Mimi na vyeti vyangu! Usiku huo nilipiga hesabu yote: injini imekufa, shosho anangoja siku zangu zipite nichukue bila kujaribu, na fundi ana fungu lake. Broka mwongo nilikuwa nimemjua kwa nusu saa tu. Fundi nilikuwa nimekula naye miaka mitatu.

Siku ya tatu nilitoka Kambi Muru alfajiri. Ushahidi wangu ulikuwa rahisi: nikiikuta na joto, basi huwa wanaiwasha kisiri wakijaribu kuifufua. Lango la shosho lilikuwa wazi kwa ajili ya mtu wa maziwa. Nikanyata mpaka kibandani, nikapitisha mkono chini ya gunia.

Joto! Joto kabisa! "Ahaa!" nikapiga kelele.

Injini ikaniuma.

Kuku akaruka na gunia lake, akanipiga mbawa za uso, akapita juu ya ukuta akilia. Nikabaki nimeshika yai mkononi. Hapo ndipo shosho alipotokea na kuni.

"Mwizi wa mayai!"

"Shosho, ni mimi, mtu wa injini!"

"Ndiyo wewe. Rafiki yako aliniambia utarudi peke yako. Alisema umesoma sana, nikuwekee chai. Hakusema utaiba." Akanipokonya yai, akalirudisha taratibu karibu na kabureta. "Huyo kuku asiporudi, injini hupati. Kaa hapo chini. Usikohoe."

Nilikaa. Nadhani nilikaa miaka miwili. Nilimwomba Mungu kwa ajili ya kuku zaidi kuliko nilivyowahi kumwomba kwa ajili ya mtihani. Hatimaye kuku akarudi kwa mguu mmoja mmoja, akanitazama kwa jicho la polisi, akapanda.

Shosho akaketi kando yangu. Nikamweleza habari ya mwenye nyumba na siku saba zilizobaki.

"Sasa, kuku hawezi kuhama," akasema. "Gari lako pia haliwezi?"

Jioni nilimwambia fundi kila kitu, mpaka yai. Hakukasirika. Akasema, "Utasukuma upande wa nyuma, penye matope."

Jumapili baada ya kanisa tukasukuma watu kumi na wawili, kutoka Kambi Muru mpaka uani kwa shosho Riruta, mimi nyuma. Kawangware broka akatuona.

"Buda! Hiyo injini ya watu kumi na wawili ina gia ngapi?"

Vifaranga walitoka tisa. Fundi akafunga injini na giaboksi yake, akaiwasha, ikashika mara ya kwanza. Nikazunguka ua. Gia ya pili ikalia kama mbwa aliyefungiwa nje.

"Nilikuambia," shosho akasema.

"Ulisema, shosho. Na lile lingine?"

"Lipi?"

"Ulilolificha."

Akanitazama muda mrefu. Kisha akamgeukia fundi, akasema jambo kwa Kikuyu, wakacheka wote wawili mpaka fundi akashika boneti asianguke. Nilimuuliza fundi shosho alisema nini, nikamuuliza njia nzima ya kurudi Kibera, gia ya pili ikilia. Mpaka leo hajaniambia.