Ndege ya Boksi na Koti la Baba Mkwe

Mkitaka kucheka chekeni tu, maana mimi nilishamaliza kulia. Kuna wanawake wamewahi kuteleza kanisani, kuna walioteketeza wali wa harusi, lakini kutoka Kasumulu mpaka ufukweni kwa Wakisi sijasikia mwingine aliyemkimbiza baba mkwe wake mchana kweupe, mbele ya Mzungu, mchungaji na wanafunzi wa shule mbili. Ni mimi peke yangu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, nami nilikuwa mwalimu kijana katika shule ya kati ya wasichana huku kwetu Kyela, ndoa yangu na Ambakisye, karani wa kinu cha mpunga, ikiwa bado mbichi. Sasa ninyi vijana huenda hamjui uzito wa mambo ya ukwe kwa Wanyakyusa wa wakati ule. Mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawasemezani, hata jina lake mkwe halitaji (ndiyo maana hapa pia silitaji). Ukimwona anakuja unaingia migombani, unajifunika kanga mpaka apite, na yeye akikuona kwanza, anageuka na kuondoka haraka kwa heshima zake zote. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza kamba, lakini baba mkwe wangu wa Ngana, mkulima wa mpunga na mzee wa kanisa, hakulegeza hata kidogo. Tena alikuwa ameshamwambia mume wangu kwamba msimu ukianza niache chaki nikalime, kwani mke wa mtu anafundisha nini?

Basi mkaguzi wa shule, Mwingereza mmoja mrefu mwenye soksi za magotini, akatangaza kwamba kwenye maonyesho ya kazi za mikono kutakuwa na mashindano ya ndege ndogo za boksi, zinazoruka kwa nguvu zao zenyewe. Mkuu wetu wa shule, mama wa Kizungu tuliyemwita Bibi Mkuu, akasema hayo ni ya wavulana, wasichana watafuma vitambaa vya meza kama kawaida. Wanafunzi wangu wa darasa la nane, mabinti wakubwa wenye akili zao, wakanitazama. Nikasema, "Bibi Mkuu, tujaribu." Akanijibu, "Jaribuni. Mkishindwa mnarudi kwenye vitambaa, na ndege nisizisikie tena."

Tukaingia kazini. Maboksi ya sabuni tuliyaomba dukani, tukayaloweka na kuyabandua tabaka moja moja, maana boksi zima ni zito, halipandi hewani hata ulibembeleze. Gundi ilikuwa uji wa muhogo, mwili wa ndege ulikuwa ufito wa mwanzi, na nguvu ilitoka kwenye mpira wa ndani wa baiskeli ya mume wangu (alitembea kwa miguu wiki nzima, maskini), tulioukata vipande vyembamba na kuufunga kutoka kwenye ndoano ya waya mkiani mpaka kwenye pangaboi la mbele. Unazungusha pangaboi, mpira unajisokota, ukiachia unajisokotoa na pangaboi linavuma kama nyuki. Ndege za kwanza zilipanda kidogo zikarudi kinyumenyume na kuanguka kwa mkia, mpaka Sekela, binti wa mfinyanzi kutoka ufukweni, akaleta bonge la udongo wa vyungu wa mama yake, akabandika kipande kidogo puani mwa ndege, akapunguza, akaongeza. "Rusha sasa, mwalimu." Ikaenda! Ikapita juu ya jiko la shule, na mabinti walipiga vigelegele mpaka Bibi Mkuu akatoka na glasi ya chai mkononi.

Siku ya maonyesho tukaenda kwenye uwanja wa shule ya wavulana, kando ya mashamba ya mpunga. Mkaguzi akasoma masharti: inashinda ndege itakayokaa hewani zaidi, na aliyeirusha lazima airudishe mezani mwenyewe, ikiwa nzima. Ndege ya wavulana ikarushwa, ikaruka vizuri, sikatai, na mwalimu wao Mwaipopo akatembea kuifuata polepole kama bwana harusi.

Ikafika zamu yetu. Sekela, aliyefanya mazoezi ya kurusha, akaanza kutetemeka mikono. "Mwalimu, rusha wewe, mimi nitaivunja." Hapo ndipo nilipotakiwa kumtuliza mtoto wa watu, nimwambie avute pumzi. Badala yake nikasema, "Lete." Neno moja tu.

Nikasokota mpira, nikanyanyua mkono, na wakati ninaachia nikaona, safu ya mbele ya wageni, kando ya mchungaji, kofia ya pama na koti jeusi. Baba mkwe! Kumbe Ambakisye alimwalika bila kuniambia, eti aje aone kazi yangu. Nikavuta kanga kichwani upesi, nikageuka pembeni, mkono nao ukageuka na ndege ikaenda upande ambao hatukuupanga. Lakini jamani, iliruka! Ilipanda juu ya migomba, upepo wa ziwani ukaipokea, ikazunguka uwanja mzima huku watu wameacha midomo wazi, Mwaipopo akaacha kutabasamu, na mabinti wangu wakaruka kama wao ndio walioota mabawa. Halafu mpira ukaisha nguvu, ndege ikashuka taratibu, kwa adabu kabisa, na ndoano ya mkiani ikanasa kwenye ukosi wa koti la baba mkwe, kwa nyuma, naye hakujua.

"Mwalimu, masharti!" wakapiga kelele mabinti. "Kailete!"

Nikasogea, kanga usoni, nikichungulia kwa jicho moja. Mzee alipoona mkwe wake anamjia mzima mzima, akafanya alichofundishwa tangu utotoni: akainuka akaondoka. Nikaongeza mwendo. Akaongeza. Nikaanza kukimbia, na yeye, mzee wa kanisa, akashika kofia akatimua mbio na ndege yetu ikipepea mgongoni. Watu wakamwita, "Mzee, simama!" Yeye akadhani wanamwonya, akazidi. Nikapita katikati ya vyungu vilivyopangwa pembeni na kina mama wa Kikisi, wafinyanzi wa ufukweni, kimoja nikakipiga teke ("Mwe! Chungu changu!"), na bila kufikiri nikapaza sauti, nikamwita baba kwa Kinyakyusa, "Tata, simama!" Uwanja mzima ukanyamaza, maana sasa nilikuwa nimemsemesha.

Hakusimama. Alisimamishwa na jaruba la mpunga, matope mpaka magotini, nami nikazama nyuma yake.

"Nani ananifukuza?" akauliza bila kugeuka, akihema.

"Ni mimi, tata. Mke wa Ambakisye."

"Najua ni wewe! Unataka nini kwangu?"

"Ndege, tata. Imenasa kwenye koti lako."

Nilitamani matope yanimeze mzima. Kisha akasema, "Ichukue. Mimi sigeuki."

Nikainasua polepole. Haikuwa imechanika popote.

"Ndiyo hiyo iliyopita juu ya migomba?"

"Ndiyo, tata."

"Imetengenezwa kwa nini?"

"Boksi la sabuni."

"Sabuni!" Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. "Haya, unasubiri nini? Wale wavulana watakushinda umesimama hapo. Kimbia!"

Nikakimbia. Kiatu kimoja kilibaki jarubani, kanga imeshuka shingoni, ndege nimeinyanyua juu kama taa, nikaiweka mezani nzima. Mwaipopo akadai ndege yetu ilibebwa na mtu, haihesabiwi. Mkaguzi akajifuta machozi ya kicheko, akasema alihesabu mpaka ilipogusa koti, na hata hapo ilikuwa imeshaipita ya wavulana kwa mbali. Tukapewa misumeno midogo, nyundo na patasi, zawadi iliyoandaliwa kwa ajili ya wavulana, na mabinti wakanibeba juu juu na matope yangu. Bibi Mkuu alipiga makofi mpaka kofia yake ikakaa upande.

Nyumbani sikulala kwa wasiwasi. Kesho yake baba mkwe akamtuma mume wangu na jogoo mkubwa, wa kuoshea ile aibu ya kusemezana, pamoja na ujumbe: "Mwambie ndaga, asante sana, nimeona kazi yake. Aendelee kufundisha. Shambani simtaki, atanifukuza tena."

Nikafundisha mpaka nywele zikanigeuka mvi, na kila mwaka darasa langu lilirusha ndege. Lakini niliapa mbele ya Sekela na wenzake: kukata nitakata, kubandika nitabandika, mpira nitausokota mpaka ulie. Kurusha, arushe mwanafunzi, hata kama anatetemeka kama jani.